Bibi Muuza Maua na Kanga Yangu

Mdogo wangu Rehema,

Nakusalimu kutoka Ufaransa, nilikoletwa na matajiri wangu kuwalelea watoto. Uliniomba picha zenye rangi za kuchangamsha chumba chako hapo Fereej Bin Mahmoud, Doha. Basi leo sokoni, nilikofuatana na madamu, mama wa watoto, nikainua simu nimpige picha bibi mmoja muuza maua. Akanijia mbio! Kwa woga nikaomba radhi kwa Kiarabu. Kumbe kaipenda kanga yangu nyekundu. Akanivuta katikati ya ndoo za maua, akamwashiria madamu atupige picha sote wawili. Miaka mitatu nawapiga picha matajiri wangu, na hii ndiyo ya kwanza niliyomo mimi. Nikirudi Doha nitaisafisha, uibandike ukutani. Kula vizuri, mpenzi wangu, nimekukumbuka mno.

Dadako, Mwanaisha