Wali wa Miaka Kumi na Saba

Jumapili, 5 Oktoba

Sherehe ya Laras haipo. Kaka yangu Harith kaniambia leo asubuhi kwenye ngazi, funguo za gari mkononi. Hakuna ukumbi, hakuna muziki, hakuna wavulana. Laras ni bintiye, anatimiza kumi na saba tarehe 23. Kakulia Surabaya, kwao mama yake, Retno. Walihamia kwetu Ansab, hapa Maskati, mwaka jana, ghorofa ya juu. Mimi na Mama tunakaa chini.

Kwao Indonesia msichana akifika umri huo hufanyiwa jambo kubwa: gauni, keki, mishumaa, nyimbo za Kiingereza. Mama kasema hayo ya Wazungu, na Mzungu hajazaa mtu nyumba hii. Harith kakubaliana naye.  Laras kafunga mlango taratibu. Bora angeubamiza.

Kazini: mhariri anataka makala kuhusu vijana wa Indonesia walioko Maskati na mambo ya kimagharibi. Itoke Jumapili ijayo. Nimekubali kwa sababu mkalimani ninaye nyumbani.

Jumatano, 8 Oktoba

Mkahawani, mtaa wa Qurum. Wasichana watatu, Laras wa nne. Mama zao wameridhia. Suruali pana, fulana za maandishi ya Kiingereza, mitandio rangi ya mchanga iliyoshikwa kwa pini moja. Wanachanganya Kiindonesia na Kiingereza ndani ya sentensi ya maneno matano. Wanajua mitaa ya miji ya Marekani ambako hawajafika. Mama wa mmoja wao alipokuja kumchukua, wote wanne waliinuka, wakaushika mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso, mmoja mmoja. Kisha wakarudi kwenye simu zao.

Niliuliza kama wana maisha mawili. Laras akacheka. Kila Jumanne Harith humshusha kwa msichana mwenzake wa skuli hapo Qurum, kwa tuisheni ya hisabati. Hakuna tuisheni. Wanavuka barabara, wanaingia mkahawa wa pili, na yeye anaimba kwa Kiingereza na wenzake wawili wenye magitaa.

"Lakini hesabu nnapiga, Shangazi. Moja, mbili, tatu, nne, halafu gitaa."

Kiswahili kafundishwa na Mama, kwa hiyo anazungumza kama mtu wa miaka themanini.

Halafu akaacha kucheka. "Hiyo usiiandike."

Kanuni yangu ya miaka thelathini: asiyetaka jambo liandikwe aseme kabla, si baada. Nimewafundisha hivyo waandishi wachanga. Sikumjibu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Makala imekwisha. Nimemwita "msichana wa miaka kumi na sita". Hakuna jina, hakuna skuli. Bila kisa chake ingebaki orodha ya nguo. Nimeipeleka kabla ya sala.

Jumapili, 12 Oktoba

Imetoka. Harith kaisoma ofisini kwake saa mbili asubuhi. Saa mbili na robo kanipigia.

"Wasichana wangapi wa Kiindonesia hapa Maskati wana miaka kumi na sita, hisabati Jumanne, Qurum?"

Akaendelea:

"Umeuambia mji mzima kabla hujaniambia mimi."

Ningeandika "masomo ya ziada" asingejulikana. Niliandika hisabati, na Jumanne, kwa sababu ndivyo alivyosema. Miaka yote hii nimesifiwa kwa kutokosea kitu kidogo.

Jioni sauti juu. Harith, kisha Retno. Laras sikumsikia kabisa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Harith kasema: Januari Laras anarudi Surabaya, skuli ya bweni ya dini, mpaka amalize masomo. Kashika nafasi ya ndege, hajailipia. Retno hataki. Laras hataki, ana darasa lake hapa, ana marafiki, ana bibi aliyemngoja miaka kumi na tano. Mama hali vizuri. Alitaka keki ifutwe, hakutaka mjukuu aondoke.

Nimepanda kuomba radhi. Laras kanisikiliza amesimama mlangoni.

"Ulinisikia, Shangazi."

Basi. Nilimsikia, kweli.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mhariri amefurahi. Wasomaji wameandika. Anataka makala ya pili, msichana yule yule. Nimekataa. Kauliza sababu, nikamwambia msichana hakuridhia. Akanitazama. Hajawahi kunisikia nikisema hivyo baada ya gazeti kutoka.

Nimemwambia Harith pia: mtoto aliniomba, mimi nikampuuza. Kasema hilo ni langu na Laras. Uongo wa Jumanne ni wake na Laras. Haki yake.

Laras hanipi mkono tena. Zamani kila akitoka skuli aliugusisha mkono wangu kwenye paji lake. Sasa hunisalimia kwa kichwa, na mbele ya watu tu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Retno hakumwomba mtu ruhusa. Tangu alfajiri kapika wali wa manjano, wa nazi na bizari, akaushindilia ukasimama mrefu wenye ncha, kama kawa ya kufunikia chakula. Kuku, mayai na mboga akazungushia chini. Hakuna keki, hakuna mshumaa. Kamweleza Mama kwa Kiarabu kwamba hii si ya Wazungu, ni ya mabibi zake Java. Anayetimiza miaka hukata kile kilele na kumpa mtu anayemheshimu kuliko wote. Mama alikuwa anatafuta miwani, nadhani alisikia nusu.

Harith kaja saa tisa, uso umefungwa. Tukapanda wote. Wali hauna kilele.

Mama alikuwa ametangulia. Kaona chakula kizuri, kafanya anavyofanya siku zote: jirani kwanza. Kachota juu, palipopendeza, kajaza sahani mbili, kafunika, kampelekea Mama Zuwena ukuta wa pili. Kilele cha heshima kilikuwa kimeshaliwa.

Retno kaziba mdomo. Mama akatutazama mmoja mmoja.

"Nna kosa gani? Wali wote huu, nisimpe jirani?"

Laras akauangalia mlima usio na kichwa.  Kisha, kwa lafudhi ya Mama mwenyewe:

"Basi Bibi, mtu nnayemheshimu kuliko wote duniani ni Mama Zuwena."

"Na sahani zangu hajazirudisha, huyo mheshimiwa wenu."

Harith kacheka. Kacheka mpaka akavua miwani. Siku kumi na moja nyumba hii haikumsikia akicheka.

Laras akakata palipobaki juu, akampa baba yake. Alikula. Akamuuliza anaimba nini huko. Ndilo swali lake la kwanza juu ya jambo hili. Mpaka leo alikuwa akitoa amri tu. Laras kasema alimdanganya, na hatamdanganya tena. Hakusema ataacha kuimba. "Njoo unisikie, Baba, ndiyo ukate shauri."  Harith aliongeza wali.

Laras kawapakulia wote kwa mkono wake. Sahani yangu kaileta Retno.

Jumamosi, 25 Oktoba

Harith kanieleza leo tukinywa chai. Nafasi ya ndege imeshikwa mpaka Jumatano, tarehe 29. Siku hiyo atailipia au ataiachia. Hajui bado. Kwanza atakwenda kumsikiliza. Mama naye kataka kwenda. Kauliza kama kuna viti vyenye mgongo. Kaambiwa vipo.

Kwa mhariri nimepeleka habari ya bandari. Fupi, safi, haina watoto.

Kwenye mkahawa sikualikwa. Nilimuuliza Laras kama anapenda nije, safari hii nikauliza kabla. Kafikiri. Kasema si mara hii, Shangazi. Kasema kwa adabu. Nimeona haya.

Jumanne, tarehe 28, saa kumi na moja jioni, Qurum. Harith ataendesha.