Maombi Mawili, Chumba Kimoja

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na Mama mfikishie shikamoo yake. Mimi ni mzima wa mwili, ila roho iko juu juu. Mikono inapiga pasi mashuka ya hoteli, akili iko huko kwenu.

Kibali cha kile chumba cha Mama kimefikia wapi? Tangu upande wake wa kulia upooze analala sebuleni, anaogeshwa nyuma ya pazia, na kila anayekuletea kiti chake ukitengeneze anampita miguuni. Baba, siku hizi maombi ya kujenga yanapelekwa kwa mtandao. Unapiga picha ramani, unaituma, unapewa namba ya kufuatilia, basi. Hakuna cha foleni wala njoo kesho. Najua simu yako unaitumia kama tochi, ndiyo maana nakuandikia barua. Picha ya ramani ninayo, ile aliyonitumia jirani yetu fundi bomba. Niruhusu nikusaidie.

Mwanao

13 Machi

Mwanangu, Bi Haraka,

Marahaba. Mama yako anakula vizuri, usingizi ndio unamkimbia. Mimi ni magoti tu, nayo nimeshayazoea.

Faili nimelipeleka kwa mkono wangu. Karani amegonga mhuri wa kupokelewa nikiwa namtazama usoni. Huo mtandao wako nitamtazama nani? Huyo huyo fundi bomba jirani yetu aliomba huko kibali cha kuongeza stoo, na kila akifungua anaambiwa yanashughulikiwa. Mabomba yake yanaota kutu uani. Mimi kila asubuhi naenda kukaa kwenye benchi la ofisi, karani anione. Akichoka kuniona atasaini. Wewe tulia.

Baba yako

21 Machi

Baba,

Shikamoo, na poleni na shughuli. Usinikasirikie. Barua yako imenikuta nimeshaomba. Nilishindwa kukaa, Baba. Kila nikikunja shuka namwona Mama anavutiwa pazia.

Mfumo ulitaka jina la mwenye simu, nikaweka langu. Kwa hiyo sasa yapo ya karatasi na ya mtandao. Kitakachotangulia kutoka ndicho tutakachojengea. Kuna ubaya gani?

Mwanao

1 Aprili

Mwanangu,

Hatujambo. Mama yako anakuulizia.

Ubaya ndio huu. Leo karani ameniita jina, nikainuka mbio nikijua kibali hicho. Kumbe ananionyesha: kiwanja kimoja, waombaji wawili, mmoja kwenye karatasi, mwingine kwenye kompyuta. Kwao huo ni ugomvi wa kifamilia. Wamesimamisha yote mawili mpaka mmoja wetu ajitoe.

Nimerudi nyumbani mikono mitupu. Fundi bomba akanipokea na maneno: binti ameshaanza kujiandikishia nyumba, mzee umelala. Nilimfukuza. Lakini neno lenyewe halikuondoka naye, nimezunguka nalo karakana nzima, nimekata mbao mbili kwa kipimo sicho. Nyumba hii unaitaka, mwanangu? Kama unaitaka, niambie mimi mwenyewe, nisisikie nje. Imeniuma.

Baba yako

10 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako kazini, nimelia mpaka msimamizi akanitoa nje. Nyumba ya nini, Baba? Mimi nataka Mama atoke sebuleni, na wewe uache kuamka alfajiri kwenda kukalia benchi la watu.

Nimefuta maombi yangu leo. Mfumo umejibu papo hapo kwamba yamefutwa. Sasa yamebaki ya kwako peke yake. Nenda ukawaambie waendelee.

Mwanao

10 Aprili

Bi Haraka wangu,

Sikusubiri jibu lako. Ile barua niliituma kwa hasira, na tangu niitume sijakaa mahali pamoja. Chumba ni cha mama yako, mimi ninagombania nini?

Leo nimekwenda nikajitoa. Karani amenirudishia faili likiwa na mhuri mwekundu. Endelea na mtandao wako, mwanangu, nimekubali yaishe.

Baba yako

22 Mei

Binti yangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Naandika kwa mkono wa kushoto, nivumilie mistari inavyopanda na kushuka.

Barua zenu zimepishana njiani. Baba yako alipoisoma yako alikaa chini, akashika kichwa. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu nikapandwa na hasira, nikamwambia anisukume kwenye kiti changu cha magurudumu mpaka ofisini, siku hiyo hiyo.

Karani akaniuliza, mama, karatasi au mtandao? Nikamwambia vyovyote, mradi jina liwe langu. Alichukua karatasi yangu ya maombi, akageukia kompyuta, akaanza kuinakili humo neno kwa neno. Kumbe zote wanazifanya hivyo. Baba yako aliona kwa macho yake.

Karani akauliza kama ramani ina mabadiliko. Baba yako akasema hapana. Nikasema ndiyo. Nataka komeo kwa ndani, liwe chini, nilifikie nikiwa kwenye kiti kwa mkono huu wa kushoto. Karani akacheka, eti komeo haliandikwi kwenye ramani. Nikamwambia aliandike. Akaliandika.

Mmevutana juu ya chumba changu muda wote huo, kila mmoja na njia yake, na hakuna aliyeniuliza ninakitakaje. Nimechoka kuoga huku nasikia watu wakisalimiana upande wa pili wa pazia. Ninawapenda, lakini nimechoka. Nataka kufunga mlango mwenyewe, na kuufungua ninapotaka.

Kibali kimetoka jana. Mwashi ameshaanza kuchimba msingi, na baba yako tangu asubuhi anaranda mbao za mlango. Njoo ukipata likizo. Ila ukifika usiingie moja kwa moja kama ulivyozoea. Piga hodi, usubiri nikukaribishe.

Mama yako