Kiapo cha Mama

Jumanne, jioni.

Na mimi wiki nzima nimemnunia mama bure!

Nilimpigia nikiwa na furaha: lile kundi la sarafu za mtandaoni ninalolitafsiria masomo kwa Kiswahili limenipa ufadhili wa kwenda kwenye mkutano wao Accra. Ndege, hoteli, chakula, vyote juu yao. Imebaki pasipoti tu, na uhamiaji wanataka cheti cha kuzaliwa cha mzazi, nikamwomba chake. Mama akasema, "Matapeli hao," akakata simu.

Leo amevuka na kivuko kutoka Kamanga, akanifuata kazini Mirongo. Shikamoo yangu hata hakuiitikia.

"Wamekuomba hela?"

"Hapana, mama."

"Hata ya fomu?"

"Hata ya fomu."

Akatoa karatasi kwenye mfuko wa nailoni. Kumbe cheti hajawahi kuwa nacho, na aliona aibu kuniambia. Amekwenda kwa wakili huko Sengerema, akaapa kwa maandishi alizaliwa wapi na lini, kiapo kitumike badala ya cheti.

Ndege naiogopa, sitaficha. Ila leo nimemshukuru sana. Mama bado haamini hizo sarafu. Amenikumbusha hilo mara mbili wakati wa chai.

Lakini kiapo ameapa hivyohivyo.