Tonge Nililombakizia Leonard

Utemini, Singida
9 Machi

Mdogo wangu mpenzi Rahabu,

Marahaba. Shikamoo yako nimeletewa na mwanao Alphonce pamoja na ule uwele, na vyote vimenifaa. Natumaini magoti hayakusumbui sana na kwamba mvua imewafikia huko Shelui, maana hapa imekatika na mahindi yamejikunja. Mimi bado napumua. Naandika kidogo, napumzika, kwa hiyo usishangae mwandiko ukipanda na kushuka.

Uliniuliza kwa simu niliagwaje Ayalandi, nikakujibu kwa mkato kwamba niliagwa vizuri. Leo nikueleze.

Nje ya mji wao kuna mgahawa wa mama mmoja, Bi Nora, mwenye bustani nyuma ya jiko. Mteja hupewa kikapu, akachuma mwenyewe, kisha wakampikia. Muda wote niliokaa kwa mwanangu Leonard, hapo tu ndipo nilipojiona mtu. Wale wenzetu hula boga wakatupa majani. Nilimfundisha Bi Nora kumenya nyuzi za majani machanga, naye akasema kumbe miaka yote jalala lake lilikuwa linakula vizuri kuliko wateja.

Siku ya kuniaga, Leonard alikuja hapo mgahawani na hotipoti ya ugali, unga wa mwisho wa uwele wako. Bi Nora alichungulia, akauliza kama ni udongo wa kupandia. Leonard akamjibu kwamba ndiyo, na ndio uliomwotesha mama yake. Tulicheka mpaka mkwe wangu Joyce akajifuta machozi.

Unakumbuka sheria ya mama yetu, kwamba msafiri hamalizi chakula cha kuagwa. Anabakiza tonge, nalo ni ahadi kwamba atarudi kulimaliza. Baba alipokwenda kulazwa mara ya mwisho alisafisha sahani, na mama akaanza kulia kabla gari halijaondoka. Leonard anaijua habari hiyo. Nilipokuwa nakula hakunitazama usoni, alitazama sahani. Nikabakiza tonge. Akashusha pumzi, akalifunga vizuri, akasema nitalikuta.

Rahabu, wakati huo nilikuwa nimeshaambiwa. Daktari aliniita peke yangu, akasema uvimbe umefika kwenye ini na hakuna tena cha kukata. Nilimwomba asimwambie mwanangu. Kiingereza nilichofundisha watoto wa watu maisha yangu yote kiliishia hapo, kuombea siri. Leonard nilimwambia ni vidonda vya tumbo, nakuja nyumbani kubadili hewa. Angejua, angepanda ndege pamoja nami. Kibali chake cha kuishi kule hakijatoka. Akitoka nje ya nchi ile hawatamruhusu kurudi, na Joyce atabaki na watoto peke yake ugenini.

Najua wazee wa ukoo watasema mazishi yamsubiri mtoto wa kwanza aje aweke udongo. Wataniacha mochwari na kumpigia simu mpaka ashindwe, apande ndege. Usikubali. Nikiondoka, wewe ndiye mkubwa utakayebaki. Wakikusema, wasomee barua hii. Nizikeni upesi, na Alphonce aweke udongo kwa niaba ya ndugu yake. Ndiyo sababu sikukueleza kwa simu. Ungelia, na kilio chako kingefika Ayalandi kabla ya jioni.

Nimedanganya kwa chakula, jambo ambalo mama asingenisamehe. Leonard hunipigia kila Jumapili, na lazima anichokoze kwamba tonge langu bado liko kwenye friza, limekuwa jiwe, na watoto wanalisogeza wakitafuta aiskrimu. Huwa nacheka. Jumapili iliyopita kicheko kilikataa, nikasingizia mtandao.

Mkishanizika, mpigie wewe mwenyewe. Usimwambie kwamba ilikuwa ghafla. Mwambie nilijua, na tonge nilibakiza nikijua. Kisha mwambie alitoe, alipashe moto, alile yeye.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na majirani wanaoniulizia. Mungu akutunzie magoti hayo, utayahitaji siku ya kunisimamia.

Ni mimi dada yako,
Theodora