Sigara Iliyosokotwa kwa Kushoto

Jumatatu, 6 Machi 1995

Nimepokea kreti za soda, nimefunga stoo saa kumi. Mvua tangu asubuhi. Bwana Anwar, mwenye hoteli, akaniita ofisini. Mezani kisanduku cha mbao: sigara nene za Kyuba, toleo maalumu, kila moja na pete ya karatasi ya dhahabu yenye namba. Siku hizi kila kitu kinaingia nchini. Juzi juzi tu tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni.

Kaletewa na mfanyabiashara anaitwa Deus. Ijumaa kuna karamu ya wenye viwanda vya samaki na wazungu wanaotafuta dhahabu. Anataka nionje, niandike maoni yangu, ndipo aagize nyingi.

"Wewe umepima tumbaku kiwandani miaka kumi na minane, Mzee Lubango. Pua yako naiamini."

Nimefurahi kupita kiasi. Tangu kiwanda kiuzwe na sisi tupunguzwe, hakuna aliyeniuliza neno kuhusu tumbaku.

Jumanne, 7 Machi

Nimeonja bustanini, upande wa ziwa, kabla ya chakula cha mchana. Tumbo halijajaa, ulimi safi.

Kwa macho: jani la nje laini, halina mshipa mnene. Kwa vidole: imejaa sawasawa, haina shimo. Nimewasha taratibu. Mwanzo: mbao kavu, kakao, ngozi mpya ya kiatu. Majivu meupe, yameshikana, hayakudondoka hadi karibu theluthi. Kazi ya fundi.

Halafu katikati ukaja utamu. Nikatoa sigara mdomoni nikaitazama. Nikavuta tena. Asali. Tumbaku ya mvuke, iliyokaushwa kwa bomba la moto. Ya Urambo hiyo, ya hapa hapa nchini. Jani hilo limepita mikononi mwangu magunia kwa magunia. Ningelijua hata usingizini.

Kyuba gani hii? Nimeiacha ikazimika vidoleni. Mhudumu kaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 8 Machi

Nimechukua ya pili, nikaifungua kwa wembe. Ndani hakuna jipya, Urambo kwa wingi na jani kidogo nisilolijua. Lililonishtua ni la nje. Limezungushwa kwenda kushoto.

Kiwandani meza ya sigara nene ilikuwa na wanawake kumi na wawili. Mmoja tu alisokota kwa kushoto. Mama Kulwa. Mke wangu.

Nimeketi juu ya kreti muda mrefu.

Niandike yote. Mimi ndiye niliyewapa wasokotaji alama, na mimi ndiye niliyemfelisha. Tulikuwa na miaka mitatu ya ndoa, sikutaka watu waseme nampendelea. Nilisimama mbele ya meza nzima nikasema kazi ya kushoto haifai. Wakampa ufagio. Alifagia miaka tisa. Nyumbani hatukuwahi kulizungumza.

Jioni nimemwangalia akimenya ndizi. Vidole vya kahawia. Nikauliza. Akasema rangi ya vitenge anavyouza sokoni Igoma. Nikasema haya.

Pua hii inayosifiwa mjini. Imeshindwa kumnusa mke wangu mwenyewe.

Alhamisi, 9 Machi

Nimeomba ruhusa, nikaenda Igoma. Kwenye vitenge hawamjui. Mama mmoja muuza dagaa akanielekeza nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti.

Chumba cha bati. Wanawake watano, meza ndefu, majani yenye unyevu chini ya magunia. Mama Kulwa kichwani mwa meza, anamwelekeza binti mmoja jinsi ya kufunga kichwa cha sigara. Pembeni rundo la zile pete za dhahabu.

Ni yeye aliyeanza.

"Karibu, Baba Kulwa."

Tulitoka nje. Kelele za mashine, ikabidi tupaze sauti. Nikamuuliza kama anajua Deus anaziuza kwa jina la Kyuba.

"Najua. Mimi si mtoto."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuja kunipa alama."

Nikamwambia kesho natakiwa kuandika maoni kwa Bwana Anwar. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Andika ulichoonja," akasema, akarudi ndani.

Nimerudi kwa miguu hadi miguu ikawaka. Nina hasira naye. Nina aibu zaidi.

Ijumaa, 10 Machi

Niliandika mara nne. Ya nne nikaipeleka: Si ya Kyuba. Tumbaku ya Urambo kwa sehemu kubwa. Imesokotwa kwa ustadi ambao sikupata kuuona hata kiwandani. Tisa kwa kumi.

Bwana Anwar alisoma, akasoma tena. Akabadilika rangi.

"Nani kasokota?"

Ningeweza kusema sijui.

"Mke wangu."

Aliikunja karatasi. Kisha akauliza kama nilijua siku zote. Nikasema nimejua juzi. Akaniambia niende nyumbani, ataniita. Karamu imefanyika bila sigara.

Jumapili, 12 Machi

Deus kasikia siri imetoka, katoroka. Mwenye chumba kaweka kufuli. Mama Kulwa karudi na ubao wake, kisu, na mafungu mawili ya majani. Wenzake wanne wako nyumbani hawana kazi, kwa kalamu yangu. Hajanilaumu.

Nimemwambia kwamba alama ile ya zamani ilikuwa ya uongo. Kwamba kazi yake ilikuwa nzuri kuliko zote na hilo nililijua. Alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka. Mabega tu yalisimama kidogo, halafu akaendelea kusonga.

Ijumaa, 17 Machi

Bwana Anwar kaniita. Kazi ninayo, lakini si stoo. Nguo za kufua. Sigara yoyote nene hataki kuiona hotelini kwake. Nimeshukuru.

Jumamosi, 25 Machi

Mvua imekatika. Wanawake wawili wa Igoma walikuja asubuhi, wakaketi naye uani kuchambua majani. Hawakuzungumza habari za pete za Deus.

Alasiri Mama Kulwa kaniita. Amefunua gunia, majani yamelala kwa safu.

"Nusa."

Nikapiga magoti, nikanusa. Ukali wa jani lisiloiva kusokotwa bado upo, chini kabisa.

"Bado," nikasema. "Siku mbili."

Akainama akanusa mwenyewe.

"Tatu," akasema, akafunika.