Kadi ya Lori Lako Imetoka

Baba Zuhura,

Salamu nilikutolea pale kaburini Ijumaa, na dua nikakuombea, kwa hiyo hapa sirudii. Hapa nimekuja na maneno. Toka uondoke sina mtu wa kugombana naye, na wewe unanijua, mie nisipogombana na mtu chakula hakishuki. Zuhura nikimsemea ananijibu "sawa mama", basi, ugomvi umekufa hapo hapo. Wewe ulikuwa unajua kunijibu. Nimekukumbuka mpaka kwenye hilo.

Lililonileta ni lori. Kama huko mliko mnaulizana habari za nyumbani, najua ungeanza kuliulizia lenyewe, mie baadaye. Nilikuwaga naliita mke mwenzangu, na wewe unacheka, lakini mwenzio nilikuwa nasema kweli. Mwanaume anaamka, hata hajanijulia hali, anatoka nje kwenda kugonga matairi. Ukichelewa kurudi siulizi uko wapi, najua uko chini yake, miguu tu ndo inaonekana. Siku hizi nikipita pale ukutani ulipokuwa unaliegesha macho yanakwenda chini yenyewe. Yanatafuta miguu.

Presha ilipokuchukua, mie nikaingia eda na lori nalo likaingia. Mie ndani na kanga zangu, lenyewe nje na turubai lake, hakuna anayetoka. Kila nikifungua dirisha tunatazamana. Ndo nikaelewa kwamba wajane tuko wawili, na mwenzangu hana hata wa kumletea uji.

Sasa siku moja nasikia chuma kinagongwa. Nachungulia, namuona shemeji Rajabu, mdogo wako, yuko na vijana wa chuma chakavu, wamekuja na mitungi ya gesi ya kukatia. Simlaumu. Serikali ya mtaa walishasema lori liondoke pale, mtaro unapita, na yeye akaona halina mwenye kuliendesha, likatwe liuzwe kila mtu apate haki yake. Mie na eda yangu siwezi kutoka kwenda kusimama mbele ya wanaume. Nikasema kwa dirishani, "Shemeji, kaka yako bado ana mke ndani ya nyumba hii. Lisiguswe mpaka nitoke." Rajabu akawaambia wale vijana wafungashe. Nilirudi kitandani, sikunyanyuka mpaka Magharibi.

Basi eda ilipoisha, wenzangu wakitoka wanakwenda kwa ndugu, wanapelekwa kutembea. Mie safari yangu ya kwanza ilikuwa kulipeleka lori lako kukaguliwa, lirudi barabarani. Bima ilikuwa imekwisha, haliruhusiwi kutembea barabarani, ikabidi livutwe. Fundi Kaijage, yule fundi wako Mhaya, akatafuta gari la kulivuta, wakafunga mnyororo. Lilipoanza kutoka mtaani, Yombo nzima ilisimama mlangoni. Si unajua walivyokuwa wanauchukia moshi wake, na mvua ikinyesha ndo hao hao wanapanda nyuma kuvuka maji, wanafunzi, wajawazito, watu na mizigo yao ya sokoni. Trafiki alikukamata mara ngapi kwa kubeba watu kwenye lori la mizigo, nawe unamjibu, "Afande, nyie leteni daraja, mie nitaacha." Siku ile jirani yetu Mama Ashura alivuta kanga akajifunika kichwa, kama jeneza linapita. Nikashindwa kumtazama.

Kule kwenye ukaguzi tulimkuta afande mmoja, dada mpole, mdogo hata kwa Zuhura. Akazunguka lori, akainama, akafuta chesisi kwa kitambaa asome namba, akafungua boneti. Kisha akaja na kadi mkononi. Akasema, "Mama, kadi inasema gari ni la bluu, hili ni kijani. Kadi ina namba ya injini, injini iliyomo ina namba nyingine. Kadi inasema mwenye gari ni Bwana Seif, wewe unasema ni la mume wako. Sasa mama yangu, umeniletea gari gani?"

Nilicheka, Baba Zuhura. Nilicheka mpaka machozi yakaja, halafu yakaja yale mengine, yule dada akanitafutia kiti.

Maana yote matatu ni wewe huyo huyo. Mzee Seif wa Kipawa aliponunua lori lile kwenye mnada wa magari ya jeshi yaliyochoka, alifanya kama alivyoambiwa, akalipiga bluu ndo akaliandikisha, raia hatembei na gari la rangi ya jeshi. Wewe ulipolinunua kwake ukalirudisha kijani. Kisa jeshi hukulipata ujanani kwa ajili ya lile goti ulilovunjia kwenye mpira. Nilikwambia, "Utakuja kushushwa humo na wenye rangi yao." Ukaniambia kijani hicho ni cha majani ya mgomba, hakina mwenyewe. Na injini ilipokufa mkaingiza nyingine wewe na Kaijage, hamkumwambia mtu. Na jina kwenye kadi ukaliacha vile vile. Kila mwaka "nitabadilisha". Nusu ya Dar es Salaam wanaendesha magari ya majina ya watu, ndivyo ulivyokuwa unanijibu, na mie nakwambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta nimekuja kuujenga mie.

Lililonikata maini ni bima. Yule dada alinieleza taratibu. Umekata bima kwa jina lako, kadi ina jina la mtu mwingine, injini sio hiyo, rangi sio hiyo. Lingemgonga mtu, au lingepinduka na wale watoto wa shule kwenye maji, bima wangekuwa na kila sababu ya kukuruka. Wewe ulikuwa unaona unawavusha, mume wangu, na kweli uliwavusha, ila Mungu tu ndo alikuwa bima yetu.

Nikaenda na Zuhura kwa Mzee Seif. Yuko pale pale dukani Kipawa, macho yamepungua, anasalimia watu kwa sauti. Nikampa shikamoo, akanijua. Akakulilia kidogo, halafu akakaa sawa kama mfanyabiashara. Akasema, "Binti yangu, Athumani ameshatangulia, na marehemu haandikishiwi gari. Mimi ndiye niliye kwenye kadi. Tuandikiane mkataba leo, mimi na wewe, nimekuuzia wewe. Twende ofisi ya mapato tubadilishe umiliki. Yamekwisha." Na kweli yangekwisha. Mirathi isingeliona lile lori. Kikao cha ukoo kisingeliona. Rajabu angekuja na mitungi yake ya gesi, mie namuonyesha kadi yenye jina langu. Mzee hakusema kwa ubaya, alikuwa ananihurumia mjane. Zuhura akanikanyaga mguu, maana yake mama saini.

Nikasema naomba nikaswali Alasiri kwanza.

Mke wa Mzee akanitandikia msala chumba cha nyuma, kati ya makopo ya rangi na misumari. Nikaswali, nikabaki nimekaa. Nilikuwa nalitaka lile lori, wallahi, mie niliyekuwa nalitukana. Nimebaki na nini kingine chenye harufu yako? Shati limeshafuliwa. Lori ukifungua mlango wewe umo, oili na zile karafuu ulizokuwa unatafuna. Nikasema nikisaini, hakuna wa kunitenganisha nalo.

Lakini nikauona ule mkataba jinsi utakavyosomeka. Seif amemuuzia Mwanaidi, tarehe ya leo. Wewe uko wapi hapo? Miaka yote ile umelala chini yake, umelivusha maji, umekamatwa nalo, na karatasi inasema hukuwahi kuwa nalo hata siku moja. Tena ningekuwa nimekufuta kwa mkono wangu mwenyewe. Na Rajabu je? Hatukujaaliwa mtoto wa kiume, ndugu yako ana fungu lake, na aliyegawa mafungu hayo sio mie. Ningebaki na huyu mke mwenzangu wa chuma nyumbani, sawa, halafu kila akija shemeji namkaribisha chai huku nimemuibia.

Nikatoka nikamwambia Mzee Seif, "Baba, Mungu akulipe kwa nia yako. Lakini mume wangu alilinunua, na wewe unajua. Njoo uyaseme hayo mahakamani." Alinitazama na macho yale yasiyoona vizuri. Akasema, "Utalipoteza, binti yangu." Nikamwambia huenda. Kisha akasema, "Siku mkiitwa, nitakuja."

Zuhura hakunisemesha njia nzima. Tumefika Yombo ndo ananiambia, "Mama wewe, basi tu." Msichana amechukua ulimi wako, anausubirisha tu.

Jioni ile ile nikamwita Rajabu. Nimepika wali na samaki wa nazi, nimemuweka, nimemueleza yote, na njia ya mkato aliyonipa Mzee Seif nayo nikamueleza. Akaacha kula. Akasema, "Shemeji, ungeweza kunizunguka." Nikamwambia ningeweza. Akasema, "Na bado nikisema likatwe?" Nikamwambia, "Tutakaa kikao, na fungu lako utapewa." Ndani nilikuwa nalia. Akanawa, akaaga.

Kikao cha ukoo kikakaa, wakaniteua msimamizi wa mirathi. Mahakama ya mwanzo, tangazo likabandikwa, tukasubiri kama kuna mwenye pingamizi. Siku ya siku Mzee Seif alikuja kweli, na fimbo yake, ameshikwa mkono na mjukuu. Hakimu akamuuliza, gari hili ni la nani? Akajibu, "La marehemu Athumani. Mimi lilinishinda, yeye akalipenda. Jina langu lilibaki humo kwa uvivu wetu wawili." Watu wakacheka mahakamani, na mie nikacheka, maana ndivyo ilivyokuwa, uvivu mtupu.

Hakimu akauliza kama yupo mrithi mwenye neno. Rajabu akasimama. Moyo wangu ulishuka hadi kwenye kandambili. Akasema, "Mheshimiwa, lori lisikatwe. Fungu langu likae humo humo. Lifanye kazi, tutaelewana na shemeji." Akakaa. Mdogo wako yule, Baba Zuhura, unayemsema hana subira.

Baada ya hapo ni mbio tu. Injini nayo ilitaka maelezo ya ilikotoka, ikabidi Kaijage amfuate hadi Tandale yule aliyewauzia, waende polisi kuandikisha kwamba haikuwa ya wizi. Kaijage kila hatua ananiambia, "Mama, tungejua." Nikamwambia mlijua, nyote wawili. Kisha ikaja rangi, ifanane na kadi. Rajabu mwenyewe alikuja na msasa, na vijana. Walipoanza kukwangua ubavuni, unga wa kijani ukamwagika chini kwenye mchanga, nikaingia ndani nikafunga dirisha. Nililia siku ile kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi kulikuwa na watu wa kunishika. Sasa ni la bluu, Baba Zuhura. Bluu ya mlango wa duka. Halijawa baya, ila sio wewe.

Ukaguzi likapita. Bima ikakatwa, safari hii ni bima kweli. Na juzi kadi imetoka. Nimeipokea dirishani pale ofisi ya mapato, nikasogea pembeni kwenye mwanga, nikasoma polepole, unajua mie na miwani. Limeandikwa jina langu, msimamizi wa mirathi ya marehemu Athumani Saidi. Jina lako lipo. Nimelipitishia kidole. Ni mara ya kwanza serikali inakiri kwamba lori lile ni lako, na ili ikuandike imebidi ianze na neno marehemu. Nyumbani hatukuiti hivyo. Zuhura anasema baba, mie nasema Baba Zuhura, kama umetoka kidogo. Nikasimama pale na kadi yako, watu wananipita na makaratasi yao.

Nilikuwa nimeshapanga kuiacha hivyo hivyo. Nani atanikimbiza? Jina lako likae humo, mie niwe naitoa kabatini naliangalia. Nikamgusia karani wa mahakama kwamba hili la kufunga mirathi halina haraka. Akaniambia, "Mama, msimamizi hakai nayo. Funga hesabu, wagawie warithi, gari liende kwa majina ya walio hai." Nikataka kumjibu vibaya. Halafu nikajisikia nilivyotaka kusema. Nilitaka kumwambia "nitabadilisha". Kwa sauti yako kabisa.

Basi mpenzi wangu, nakuaga, Zuhura ananiita tukapige picha za paspoti za kubandika kwenye fomu. Ahadi yangu ni hii, na hii mie sitaisogeza mwaka kwa mwaka. Wiki ijayo nakwenda kulitoa jina lako kwenye kadi. Lori lisitembee tena na jina la mtu ambaye hayumo ndani yake.

Mungu akupe nuru huko.

Mkeo,
Mwanaidi