Laini ya Friza

Jumatatu, 3 Machi

Jenereta imewaka vizuri. Dizeli ipo. Mtaa wetu hapa Kakuma wote una stima: kinyozi, duka la simu, hoteli, na huyu Mkongo, Mama Chantal, anayeuza samaki wa ziwani kutoka Kalokol. Friza yake ndiyo mzigo mkubwa kuliko yote. Ikianza tu kuvuta, injini inakohoa. Hapo kazi yangu ni kukata laini moja ili zingine zipone. Nani akatwe? Naamua mimi. Napenda sehemu hiyo, sitajidanganya.

Jumatano, 5 Machi

Mama Chantal amemwambia bosi, mwenye jenereta, mimi nikiwa pale pale, kwamba mwanawe Patrick alisomea umeme kwao. "Mumupatie kazi, papa, hata ya kidogo." Bosi akampima Patrick kwa macho, akasema atafikiria. Mimi hakunitazama hata. Na kazi yenyewe ni moja, hii yangu.

Chakula kimenikataa kwa hasira.

Jumamosi, 8 Machi

Lodwar, kununua filta. Nikapitia Kanamkemer kwa mama. "Ejok," akanisalimu, kisha moja kwa moja: karo. Wanangu wawili wanalala kwake na kula kwake, yote kwa mshahara wangu. Baba yao hajulikani aliko.

Patrick hataigusa ile swichi.

Jumatatu, 10 Machi

Joto la kuua. Injini haikukohoa hata mara moja. Nimekata laini ya friza hata hivyo, tangu asubuhi hadi jua likashuka. Mama Chantal alikuja mbio. Nimemwambia friza yake ni mbovu, inavuta stima kupita kiasi, itatuunguzia mashine. Ameamini.

Jumanne, 11 Machi

Nimekata tena.

Alhamisi, 13 Machi

Bado nakata. Harufu imefika kwa kinyozi. Patrick ameifungua friza akashinda nayo juani, jasho tupu, asione ubovu wowote. Bosi akamcheka mbele ya watu: friza ya mama yako imekushinda, jenereta yangu utaiweza?

Nilicheka pia. Kwa sauti.

Jumamosi, 15 Machi

Samaki wote wamefukiwa nyuma ya kanisa lao. Friza imeuzwa kwa bei ya kutupa. Kesho wanahamia Kalobeyei kwa dada ya Mama Chantal, kuanza upya bila kitu. Bosi amesema nisiwe na wasiwasi na kazi yangu.

Nina furaha. Basi.

Jumapili, 16 Machi

Mama Chantal amekuja kuniaga na sahani. Samaki mmoja, wa leo, amemkaanga kwa ndimu. "Dada, najua ulijikaza sana juu yetu. Ni friza ndiyo ilikatala." Akanishika mikono yote miwili, akaniombea. Patrick alisubiri nje na magodoro, akaniaga kwa heshima.

Wakaondoka na boda mbili. Nimekaa kando ya jenereta. Siku hizi inanguruma taratibu, hakuna haja ya kumkata mtu. Nimemla yule samaki mzima, hadi kichwa. Alikuwa mtamu.